Shinikizo la Oili Lisipopanda Baada ya Kubadilisha Injini

Injini imefungwa, viunganishi vya umeme vimerudishwa, stata imepigwa na gari limenguruma kwa mara ya kwanza, lakini taa nyekundu yenye picha ya birika haizimiki kwenye dashibodi. Zima injini papo hapo. Injini iliyokaa majuma kadhaa bila kuzunguka inaweza kuchelewesha taa hiyo kwa sekunde tano hivi, na kwa nadra kumi, kwa sababu pampu na njia za oili zilikuwa zimekauka. Baada ya hapo hakuna unachosubiri, na kukanyaga mafuta kwa matumaini kwamba oili itapanda ndilo kosa linalogeuza hitilafu ya shilingi mia chache kuwa krankshafti, yaani mhimili mkuu wa injini, ya kupelekwa kusagwa. Shingo za krankshafti hazigusi beringi zake injini inapofanya kazi vizuri, bali huelea juu ya utando mwembamba wa oili ambao pampu huulisha bila kukoma. Utando huo ukikatika, chuma hukutana na chuma, na beringi huanza kulika kabla hujamaliza kumwita fundi aliye upande wa pili wa gereji.

Kabla ya kushika spana, ichunguze kazi iliyofanywa kuliko injini yenyewe. Injini nyingi zinazofungwa Nairobi ni zile zilizotumika Japani, zikanunuliwa Industrial Area au katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan. Injini kama hiyo ilikuwa ikiendesha gari siku ilipotolewa, na uwezekano wa pampu yake kufa yenyewe ndani ya kontena ni mdogo ukilinganishwa na uwezekano wa kitu kuharibika, kusahauliwa au kubadilishwa wakati wa kuihamisha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi liwe hili: ni vitu gani vilivyotoka kwenye injini ya zamani vikafungwa kwenye hii mpya? Viandikwe vyote kwenye karatasi: sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), bomba la kufyonzea oili, kijiti cha kupimia, swichi ya oili, kiti cha filta, kifuniko cha mbele, waya. Kwa uzoefu wangu, chanzo huwa kwenye karatasi hiyo mara nyingi zaidi kuliko kilivyo ndani ya bloku.

Taa inasema kweli?

Taa ya oili haipimi kitu chochote. Swichi iliyofungwa kwenye bloku huugusisha waya mmoja na chuma cha injini wakati hakuna shinikizo, na huuachia shinikizo linapofikia kiwango kidogo tu, kwa kawaida kati ya kilopaskali 20 na 50, yaani psi 3 hadi 7. Kutokana na hilo, majaribio yake ni rahisi na hayahitaji kifaa. Fungua ufunguo bila kupiga stata, taa iwake. Chomoa waya kwenye swichi, taa izimike. Ikiendelea kuwaka ilhali waya umechomolewa, basi waya huo umegusa chuma mahali fulani, na mara nyingi utaukuta umebanwa kati ya injini na giaboksi, chini ya mkono wa altaneta, au umeyeyuka juu ya bomba la moshi. Niliwahi kuletewa Probox ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuinunulia pampu mbili za oili, ya pili ikiwa mpya kabisa, na tatizo lilikuwa waya uliochubuliwa na boliti ya stata.

Kinyume chake ni hatari zaidi na watu hawakilalamikii: taa isiyowaka kabisa hata ufunguo unapofunguliwa. Hali hiyo haimaanishi kwamba shinikizo ni zuri. Inamaanisha kwamba swichi haikuunganishwa au balbu imeungua, na gari hilo linaweza kupoteza oili yote njiani bila kutoa onyo lolote.

Magari yenye geji ya mshale badala ya taa, kama baadhi ya Land Cruiser, Patrol na pikapu kubwa, yana mtego wao. Geji hutumia sensa ambayo ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri shinikizo linavyobadilika, ilhali swichi ya taa hujua mambo mawili tu, kugusa na kuachia. Injini iliyotoka kwenye gari la taa ikifungwa kwenye gari la geji pamoja na swichi yake, mshale utalala upande mmoja au kuruka hadi mwisho wa upande wa pili, na hautatulia katikati hata kama pampu ni nzima. Sensa ya injini ya zamani ihamishiwe kwenye mpya, hesi (meno yake ya kufungia) zikilingana.

Hukumu ya mwisho hutolewa na geji ya kimakanika, ile yenye mpira na kichwa cha saa, inayofungwa mahali pa swichi. Usifanye uamuzi wowote wa kufungua injini bila kifaa hiki. Ukikosa cha kununua, mafundi wengi wa magari makubwa wanacho na hukiazimisha. Tahadhari moja kuhusu hesi: swichi za injini nyingi za Kijapani zina hesi ya mchongoko ya moja ya nane ya mtindo wa Uingereza, yenye meno 28 kwa inchi, na vifaa vingi vya geji huja na hesi ya mtindo wa Marekani yenye meno 27. Zinakaribiana kiasi cha kukubali kuingia mizunguko miwili ya kwanza, kisha fundi mwenye haraka huongeza nguvu na kupasua tundu la alumini. Ikianza kukaza mapema, itoe.

Kupima bila kuwasha

Toa plagi zote, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kunyunyizia petroli kwa umeme) ili petroli isinyunyizwe, na katika injini ya dizeli kata umeme wa vali ya kuzimia. Oili iwepo, betri iwe na nguvu. Kisha piga stata kwa sekunde kumi au kumi na tano, pumzika nusu dakika ili stata isiungue, rudia. Bila mgandamizo wa silinda, krankshafti huzunguka kwa wepesi na beringi hazibebi mzigo mkubwa, kwa hiyo jaribio hili halidhuru kama lile la kuwasha. Injini iliyo nzima itausogeza mshale wa geji baada ya majaribio machache. Iandike namba unayoiona, kwa sababu sehemu iliyobaki ya uchunguzi hutegemea jinsi mshale ulivyofanya: haukutikisika kabisa, ulipanda kidogo, au ulipanda vizuri lakini huanguka injini ikipata moto.

Mshale haukutikisika

Anza na oili yenyewe, hata kama kijiti kinaonyesha imejaa. Kijiti cha injini moja kilichochomekwa kwenye mrija wa injini nyingine, au juu ya sampu ya umbo lingine, hudanganya kwa lita nzima. Mwaga oili yote kwenye chombo chenye alama, uipime, halafu uirudishe kwa kipimo cha kitabu. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, kwa mfano, huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta. Kisha chora alama mpya kwenye kijiti.

Jaribio linalofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa huigawa injini katika nusu mbili kwa dakika tano. Fungua filta ya oili, weka karai chini yake, na upige stata. Oili ikiruka kutoka kwenye kiti cha filta, pampu inafyonza na inasukuma, na tatizo liko mbele yake: filta mbovu, njia iliyoziba, au mahali oili inapovujia ndani ya injini kabla ya kufika kwenye geji. Isipotoka hata tone, tatizo liko kati ya sampu na mdomo wa pampu, na hakuna haja ya kugusa kitu kingine chochote hadi hapo pamepatiwa jibu.

Ikiwa haitoki, kwanza ipe pampu nafasi ya kushika. Pampu nyingi za magari yetu ni rota mbili zinazozungukiana, ya ndani ikiwa na jino moja pungufu ya ile ya nje, na huweza kufyonza kwa sababu tu oili iliyobaki kati ya meno huziba mianya. Ikikaushwa, au ikioshwa kwa petroli kama wafanyavyo vijana wengi wa gereji kwa nia njema kabisa, huzungusha hewa tu. Tumia kopo la kunyunyizia oili au bomba kubwa la sindano, upitishe oili safi kupitia tundu la swichi au njia ya pampu kwenye kiti cha filta, kiasi cha robo lita, kisha upige stata tena. Pampu iliyofunguliwa inapofungwa upya, meno yake yajazwe oili nzito au jeli ya petroli, ile ya kawaida ya kujipaka, ambayo huyeyuka kwenye oili bila madhara. Wapo wanaoizungusha krankshafti kinyumenyume kwa spana ili pampu ivute oili kutoka juu. Kwenye injini ya cheni, ambayo kikaza cheni chake husukumwa na oili hiyo hiyo iliyokosekana, usithubutu, kwa maana cheni inaweza kuruka jino.

Bado haitoki? Basi macho yaelekee kwenye sampu, na hapa inafaa kukaa kidogo.

Injini moja hutengenezwa kwa ajili ya magari mengi, na umbo la sampu hufuata gari. Injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 5L iliyotoka kwenye Hiace, ambako imelala kwa pembe chini ya viti, kwa kawaida huhitaji sampu ya Hilux ndipo ikae kwenye Hilux bila kugonga mtambo wa mbele. Fundi anajua hilo, naye huhamisha sampu. Asichokumbuka kila mara ni kwamba bomba la kufyonzea lilichongwa kufuata sampu yake, na kwamba vitu hivyo viwili ni mke na mume: ukihamisha kimoja uhamishe na cha pili. Bomba likiwa refu kuliko kina cha sampu mpya, chujio lake hukandamizwa sakafuni na kuziba. Likiwa fupi, au kina cha sampu kikiwa upande mwingine, hubaki hewani juu ya oili. Katika hali zote mbili kijiti husema oili ipo na pampu haipati kitu.

Nafasi inayotakiwa kati ya chujio na sakafu ya sampu ni kama milimita 6 hadi 10 kwa injini nyingi. Ili kuipima, kanda donge la unga wa ngano kama wa chapati, gumu kidogo, ulifunge kwa karatasi ya nailoni, uliweke kwenye sakafu ya sampu, kwa ndani, mahali chujio litakapofika, kisha ufunge sampu kwa boliti nne pamoja na gasketi yake. Fungua, pima unene wa unga uliobaki kwa kaliba, na uhakikishe umetoa unga wote. Njia hii ndiyo iliyonifumbua macho kwenye Hilux moja ambayo tayari ilikuwa imefunguliwa kifuniko cha mbele mara mbili: unga ulibanwa ukawa mwembamba kama karatasi. Sampu ilikuwa ya kwake, bomba lilikuwa la Hiace.

Sampu ya gari lenyewe nayo inaweza kuwa imebonyea. Matuta ya mitaani hufanya hivyo, na jeki iliyowekwa chini ya sampu wakati injini inashushwa hufanya hivyo kwa ustadi zaidi. Bonyeo la sentimita moja kwa nje ni sentimita moja iliyopungua kwa ndani.

Kisha angalia kiungo cha bomba na bloku. Hapo pana gasketi ndogo au oringi (pete ya mpira), na ikisahauliwa, ikikatika au ikiwa ngumu kwa uzee, pampu huvuta hewa badala ya oili kwa sababu hewa ni nyepesi kuvutwa. Ufa mwembamba kwenye shina lililochomelewa hufanya kazi ileile. Kuna jaribio zuri kabla ya kushusha sampu: ongeza lita moja ya oili juu ya kipimo, upige stata bila plagi. Mshale ukiamka ghafla, ama kiwango kilikuwa cha chini kuliko kijiti kilivyodai, ama kuna tundu la hewa ambalo oili ya ziada imelifunika. Imwage hiyo ya ziada kabla ya kuwasha injini, isije ikapigwa na krankshafti ikawa povu.

La mwisho hapa ni silikoni. Fundi akipaka uzi mnene ili sampu isivuje, nusu yake husukumwa ndani, hukauka, hukatika na kuelea hadi kwenye chujio. Nimetoa chujio lililofunikwa silikoni ya rangi ya chungwa kama ganda la yai. Uzi wa milimita tatu unatosha.

Nimeelezwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba Nairobi, ikiwa juu kwa zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hupunguza shinikizo la oili kwa sababu hewa ni nyepesi. Pampu inahitaji tofauti ya kama kilopaskali mbili tu kuinua oili sentimita ishirini, na hewa ya Nairobi inasukuma kwa zaidi ya themanini. Mwinuko usitumike kama kisingizio cha kazi ya sampu.

Pampu yenyewe

Kila kilichotangulia kikiwa salama, fungua pampu. Vali ya kupunguza shinikizo ni pistoni ndogo yenye springi. Chembe moja ya uchafu ikiikwamisha ikiwa wazi, oili yote hurudi kwenye sampu. Itoe, ioshe, na iteleze kwa uzito wake yenyewe ndani ya tundu. Kwenye injini ambazo pampu iko ndani ya kifuniko cha mbele, kama 1NZ, hakikisha rota ya ndani iliingia sawasawa kwenye krankshafti, kwa kuwa kifuniko kilichokazwa kwa nguvu kabla ya rota kukaa huivunja. Kwa wenye Subaru za injini ya EJ, kuna mambo mawili mahususi: oringi iliyo kati ya pampu na bloku, ambayo hudondoka bila mtu kuona pampu inaporudishwa, na skurubu za bamba la nyuma la pampu, ambazo hulegea zenyewe. Zikague zote, uzipake gundi ya skurubu, uzikaze.

Shinikizo lipo lakini ni dogo

Hapa mambo hubadilika, kwa sababu pampu huzalisha mtiririko, na shinikizo hutokana na mianya midogo inayouzuia mtiririko huo. Mianya ikipanuka, shinikizo hushuka hata kwa pampu mpya. Vitabu vya Toyota kwa 1NZ-FE hutaka angalau kilopaskali 29 injini ikiwa moto bila kukanyagwa, na takriban 150 hadi 550 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika. Kanuni ya zamani ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Kumbuka neno moto. Asubuhi ya Julai injini yoyote huonyesha shinikizo la kupendeza, kwa kuwa oili ni nzito. Kipimo cha maana ni kile unachosoma baada ya nusu saa ya foleni ya Jogoo Road.

Tafuta kwanza vilivyo rahisi. Nusa oili kwenye kijiti: ikinuka petroli, injekta inavuja na oili imekuwa maji. Badilisha filta kwa nyingine unayoiamini, na uangalie kama mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye kiti, kwani mipira miwili ikipandana humwaga oili yote nje kwa dakika chache. Kisha kata filta iliyotoka kwa msumeno na ukunjue karatasi yake juu ya meza. Vumbi linalometameta kama rangi ya gari ni beringi inayoliwa. Sumaku haitaivuta, kwa sababu uso wa beringi ni alumini, bati na shaba, kwa hiyo sumaku safi isikupe amani.

Ikiwa injini ilifunguliwa na kufungwa upya kabla ya kuwekwa, orodha huongezeka. Krankshafti iliyosagwa kwa milimita 0.25 na kuvikwa beringi za standadi, yaani za saizi ya kabla ya kusagwa, haitashika shinikizo kamwe. Vizibo vya njia za oili vilivyotolewa wakati wa kuosha bloku visiporudishwa, oili humwagika ndani bila dalili yoyote kwa nje. Kwa beringi, ukanda wa plastiki wa kupimia nafasi hutoa jibu bila ubishi: kwa magari madogo nafasi hiyo huwa sehemu chache za mia za milimita, kama 0.02 hadi 0.05, na ikizidi mara mbili hakuna oili itakayookoa.

Hapo ndipo utakaposhauriwa umimine oili nzito ya 20W-50 au chupa ya dawa ya kuongezea unene. Taa itazimika, ni kweli. Beringi itaendelea kuliwa, na mwenye gari atalipia injini ya tatu. Ikiwa injini iko ndani ya muda wa dhamana ya muuzaji, ambao mara nyingi huwa mfupi, piga video ya geji ikisoma injini ikiwa baridi na ikiwa moto, pamoja na filta iliyokatwa, kabla ya kufungua boliti hata moja. Muuzaji akikuta sampu imefunguliwa atasema ni ninyi mlioiharibu.

Chanzo kikipatikana na kurekebishwa, weka oili mpya na filta mpya, piga stata bila plagi hadi mshale utulie, ndipo urudishe plagi na uwashe. Iache inguruma dakika ishirini feni iwake mara mbili, usome geji bila kukanyaga, kisha kwa mizunguko 3,000. Endesha kilomita chache geji ikiwa bado imefungwa, usome tena. Kisha itoe, rudisha swichi kwa mkono kabla ya spana, na ufunge waya wake mbali na bomba la moshi na boliti ya stata.